Siku sita na maji ya Mto Rau, tukisikiliza vyura

Jumatatu, Uru Shimbwe, Kilimanjaro

Haisi ilitushusha mwisho wa barabara, kilima tukamalizia kwa miguu. Niko na mtoto wa kaka yangu, yuko kidato cha pili na shule imefunga kwa Pasaka. Yeye kabeba simu ya kurekodi sauti. Mimi nimebeba tochi mbili, daftari, na gambuti za wote wawili kwenye mfuko wa sandarusi. Masika yameshika, njia inateleza, migomba imelowa hadi inainama.

Nieleze kwanza kilichotuleta. Nafundisha Baiolojia. Kila mwaka nikifika kwenye amfibia nachora ubaoni yai, kiluwiluwi, chura, kisha nauliza darasa: nani ameshawahi kushika kiluwiluwi? Nilipoanza kazi karibu darasa zima lilinyoosha mikono kwa vicheko. Mwaka huu mikono ilikuwa ya kuhesabika, na wenyewe ni watoto wa huku milimani. Watoto wa Mabogini na Chekereni, waliozaliwa katikati ya maji ya mpunga kama nilivyozaliwa mimi, walibaki wanatazamana. Jambo hilo limenikaa rohoni. Ndiyo nikaamua kuteremka na maji, tangu Rau unapotoka msituni hadi unapofika mashambani kwetu, na kila usiku kukaa nusu saa bila kusema neno, kusikiliza.

Tumefikia kwa mama mdogo. Kihamba chake, yaani shamba la nyumbani, ni cha kizamani: mruka na mringaringa juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba, magimbi pembeni mwa mfongo, mfereji wa asili. Maji ya mfongo yanapita hapo hapo nyuma ya banda la ng'ombe, baridi kama ya jokofu. Tulipomaliza mtori tukatoka na tochi. Hatukwenda mbali. Kwenye jani la gimbi, pale linapoungana na kikonyo, maji ya mvua yalikuwa yametuama kiasi cha kijiko, na ndani yake amekaa chura wa ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, rangi ya majani makavu. Koo lake lilikuwa linapiga haraka haraka. Mtoto akaniuliza kwa kunong'ona, "Shangazi, anaishi humu humu?" Nikamwambia ndiyo, kijiko hicho cha maji kinamtosha kwa usiku wa leo.

Mama mdogo alitushangaa. "Mmetoka mjini kuja kutazama chura? Si mngeniambia, hapa ndiyo wananikosesha usingizi."

Jumanne, kuteremka Uru

Asubuhi nikamwomba mama mdogo anionyeshe stoo ya marehemu mume wake. Pipa la mrututu bado lipo. Dawa yenyewe iliisha zamani, lakini kuta za ndani na sakafu pale chini vimebaki na ile rangi ya buluu isiyofutika, na hata mti wa mpini wa jembe lililokuwa limeegemezwa hapo una buluu. Kila aliyekulia kwenye kahawa anaijua hiyo rangi. Ilikuwa kwenye majani, kwenye mashati ya wazee, kwenye maji ya kunawa mikono.

Mrututu ni chumvi ya shaba. Ilinyunyizwa kuzuia magonjwa ya kutu ya majani na chule buni, na bila hiyo kahawa nyingi ya mlima huu isingesomesha watu, mimi nikiwa mmoja wao. Sitaki kuisema vibaya kana kwamba wazee wetu walikuwa wajinga. Lakini shaba haiozi. Ikishafika ardhini inakaa, mvua kubwa ikija inaingia na udongo kwenye mfongo, na kiluwiluwi ni mdhaifu sana mbele ya shaba iliyoyeyuka majini. Baadaye zikaja dawa za wadudu, endosalfani ikiwa mojawapo, ambayo mwaka 2011 iliingizwa kwenye orodha ya kupigwa marufuku ya Mkataba wa Stockholm, makubaliano ya kimataifa kuhusu sumu zisizooza. Hiyo nayo ni sumu kali kwa kiluwiluwi.

Kuna habari njema upande huu, na naiandika kwa furaha. Mama mdogo ameng'oa nusu ya mibuni ya zamani akapanda miche iliyozalishwa na TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, kule Lyamungo, inayostahimili kutu na chule buni. Bomba lake la dawa limening'inia ukutani na buibui wamejenga ndani ya mkono wake. Hakufanya hivyo kwa ajili ya vyura. Alichoka kununua dawa. Ila mfongo wake unaimba usiku.

Tumeshuka kwa miguu hadi barabarani, tukalala mjini.

Jumatano, Moshi mjini na Msitu wa Rau

Asubuhi tuliingia duka la pembejeo karibu na soko. Kijana wa dukani akaniuliza kama daktari anavyouliza: "Karibu mama, shamba lina shida gani?" Nikamwambia sina shida, naomba kusoma vibandiko tu. Alikuwa mwema, akanitolea chupa nne juu ya meza.

Chini ya kila kibandiko kuna utepe wa rangi. Mwekundu ni hatari kabisa, kisha njano, buluu, na kijani. Juu ya utepe kuna picha ndogo ndogo kwa ajili ya asiyejua kusoma: mikono yenye glovu, barakoa, gambuti, bomba la maji ya kunawia. Na kwenye chupa mbili, picha ya samaki, maana yake usimwage dawa kwenye maji. Mtoto akazigeuza geuza zote. "Shangazi, mbona chura hayupo?"

Ndilo swali lenyewe, na afadhali limeulizwa na mtoto. Dawa ikipimwa kabla ya kusajiliwa, Marekani na Ulaya huko inakotungiwa vipimo, samaki ndiye anayemsimamia kiluwiluwi. Dawa isipomdhuru samaki kwa kiwango fulani, inachukuliwa kwamba na kiluwiluwi yuko salama. Lakini samaki hatoki majini akaenda kukaa chini ya mmea unaonyunyizwa. Na samaki ana magamba. Chura hanywi hata kwa mdomo: anakaa juu ya unyevu, na ngozi ya chini ya tumbo, kule karibu na mapaja, inavuta maji ndani. Ngozi hiyo hiyo anaipumulia. Mwaka 2013 watafiti wa Ujerumani walichapisha walichoona baada ya kuwanyunyizia vyura wachanga dawa za mashambani kwa kipimo kile kile kilichoandikwa kwenye chupa. Dawa moja ya ukungu iliwaua wote ndani ya saa moja. Kwa kipimo hicho hawakuzidisha kitu. Walifuata kibandiko kama mkulima mzuri anavyofuata.

Kijana wa dukani alikuwa anasikiliza. Akasema, "Mimi mteja akija ananiambia wadudu, sijawahi kuulizwa habari ya chura." Kisha akaongeza kwamba tangu kiwavijeshi vamizi aingie nchini mwaka 2017, watu wa mahindi wananunua dawa za wadudu ambazo zamani hawakuzijua.

Jioni tukaenda Msitu wa Rau. Uko mlangoni mwa mji, na bado wapo watu wa Moshi ambao hawajaukanyaga. Ni msitu wa chemchemi: maji yanatoka ardhini yenyewe, chini ya mivule na misoo, na hewa yake ni nyingine kabisa, nzito, ina harufu ya majani yanayooza taratibu. Mvule mkubwa unaooneshwa wageni tuliupita tukaenda kwenye dimbwi la kando ya njia.

Pale ndipo tulipoona kiota cha povu. Kilining'inia kwenye tawi juu ya maji, cheupe, kimekauka juu kama ganda la mkate, kikubwa kuliko ngumi mbili. Chura jike wa mitini hutoa majimaji akayapiga kwa miguu ya nyuma, kama mama anavyopiga yai kwa uma, hadi yakawa povu; mayai yanakaa ndani, povu linakauka nje na kubaki na unyevu katikati, na baada ya siku kadhaa viluwiluwi vinadondoka majini kimoja kimoja. Tulikikuta kwenye kudondoka. Mtoto alimulika tochi kwa pembeni, akawa anahesabu matone. Kila tone lilikuwa na mkia.

Usiku ule simu ilirekodi sauti sita tofauti kwa masikio yangu, na huenda zipo nyingine nilizozichanganya. Wale wadogo wa matete wanaolia kama vijiko vikigongana na gilasi. Mmoja wa majanini anayetoa mlio kama tone zito linalodondoka ndani ya mtungi, kwoi, kwoi. Na yule chura mkubwa wa majumbani anayekoroma kama pikipiki iliyo mbali. Hatukuondoka nusu saa ilipoisha. Tulikaa karibu saa mbili.

Alhamisi, Mabogini hadi Chekereni

Nyumbani. Baba alipata ploti hapa mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulipokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, hekta kama 1,100 za mpunga zilizogawanywa kwa mistari iliyonyooka, maji yakitoka Rau na Njoro kwa mifereji ya saruji. Kabla ya hapo wengi walilima mahindi na maharage kwa kutegemea mvua. Mbegu ilikuwa IR54 ya Ufilipino, na mavuno yake yalikuwa ya kushangaza. Wazee wanasimulia hadi leo gunia zilivyokosa pa kukaa. Wimbo wa vyura wa utotoni mwangu ni wa miaka ile ya mwanzo. Maji mengi mapya, dawa chache, na kingo za mifereji bado zina nyasi za kufika kiunoni.

Nataka niwe mkweli hapa, kwa sababu ni rahisi kusema mpunga umewaua vyura. Mpunga uliwaletea vyura maji. Jaruba ni bwawa la kina kifupi, lina joto, halina samaki wakubwa, chura hawezi kuota ndoto nzuri kuliko hiyo. Hata leo vyura wapo. Asubuhi pawatila, lile trekta la mkono, ilikuwa inavuruga tope kwenye jaruba la jirani, yangeyange wamejipanga nyuma yake kama wanaoenda kupokea mshahara, na kila walipodonoa waliinuka na kitu chenye miguu. Ila tulipochunguza, tulikuta aina mbili tu tukarudia kuzikuta hizo hizo: chura wa majumbani, na yule mwenye pua ndefu anayeruka mbali majanini. Wa matete hatukumwona. Wa povu hatukumwona, na angejenga wapi? Hakuna tawi juu ya maji popote kwenye mistari ile.

Kilichobadilika nilikiona nilipoacha kutazama majaruba nikatazama kingo. Zimeungua. Ni rangi ya kutu mwanzo hadi mwisho, kila mfereji, kila tuta, kila mtaro wa kutolea maji. Kufyeka kunahitaji vibarua wa siku mbili; dawa ya magugu inahitaji mtu mmoja na asubuhi moja. Kwa hiyo nyasi na matete vinanyunyizwa mara tu vinapoinuka, na vingine vinaota juu ya maji kabisa, kwa hiyo dawa inaangukia majini. Mwaka 2005 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Rick Relyea, alinyunyizia matangi yenye viluwiluwi dawa ya magugu ya jamii ya glaifosati, kiasi kinachoweza kuingia majini mtu akinyunyiza moja kwa moja juu yake. Baada ya wiki tatu, kati ya asilimia 96 na 100 ya viluwiluwi walikuwa wamekufa. Kinachoua zaidi ni ile sabuni iliyochanganywa ndani ili dawa ishike jani.

Saa tano hivi tulimkuta kijana akiosha bomba lake kwenye mfereji. Alinisalimia, "Shikamoo mama." Nikaitikia, nikasimama naye. Alikuwa ametoka kupiga dawa ya funza wa shina, mikono mitupu, suruali imelowa hadi magotini. Nikamwuliza kwa nini anaoshea hapa. Hakukasirika.

"Mama, maji yanakwenda. Dawa inakwenda nayo."

"Inakwenda kwa nani?"

Akatazama chini ya mfereji kwa muda. Ploti mbili mbele kuna watu walikuwa wanapandikiza, na mmoja wao, akaniambia, ni shangazi yake.

Sikuwa na mahubiri ya kumpa. Baba yangu aliosha bomba pale pale, mita hamsini kutoka hapo, na mimi ndiye niliyekuwa nashika kopo la kummiminia. Tulikuwa tunaona viluwiluwi vinazunguka zunguka, tukadhani vinacheza.

Mchana tulirudi kwenye jaruba la chini ya pale. Mtoto akachota maji kwa kiganja. Kiluwiluwi cha siku chache, ukikishika vizuri kwenye mwanga, tumbo lake linaonyesha ndani: utumbo umejikunja mzunguko juu ya mzunguko kama kamba iliyokunjwa vizuri, wa kijani kwa sababu ya mwani anaokula. Huyu aliyechotwa alikuwa amelala ubavu. Mkia ulikuwa umepinda upande mmoja hauwezi kunyooka, na kila alipojaribu kuogelea alizunguka pale pale kwenye kiganja. Sikuwa na kifaa cha kupima maji, kwa hiyo naandika kilichoonekana tu. Mtoto alimrudisha taratibu akanawa mikono mara tatu bila kuambiwa.

Usiku, nusu saa kwenye tuta la ploti ya kaka. Sauti mbili. Na mbu. Mbu hao watafiti wamewachunguza miaka mingi, na wamekuta wamezoea dawa za jamii ya pairethroidi, zile zile zinazowekwa kwenye vyandarua. Mashamba nayo yamechangia kuwafundisha mbu kuishi na sumu. Vyura hawakupata muda wa kujifunza.

Ijumaa, Chekereni, mvua kutwa

Hatukutoka. Wifi alipika machalari, na mtoto, tangu jana amekuwa na maswali.

Aliuliza kama chura anaweza kuugua bila kufa. Nikamsimulia habari ya atrazini, dawa ya magugu ya kwenye mahindi na miwa. Tyrone Hayes wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichukua vyura 40 madume wa jamii ya wale wenye makucha, akawakuza kwenye maji yenye mikrogramu 2.5 tu za atrazini kwa lita. Matokeo yalichapishwa 2010: robo tatu hawakuweza kuzalisha, na mmoja kati ya kila kumi aligeuka jike kabisa, akataga mayai. Waliotengeneza dawa waliyapinga matokeo ya Hayes. Umoja wa Ulaya ulikuwa umeshaamua kuiondoa sokoni tangu 2004. Marekani inaitumia hadi leo. "Kwa hiyo ukipita unamwona yupo, unasema vyura wapo," akasema mtoto, "kumbe hawatapata watoto." Sijui kama ningeweza kulieleza vizuri zaidi darasani.

Akauliza tena kuhusu mbolea, maana baba yake anamwaga yuria. Nikampa hadithi ya wanafunzi wenzake: Agosti 1995, wanafunzi wa shule moja Minnesota, Marekani, walikwenda kwenye dimbwi la shambani wakakuta vyura wengi wenye miguu iliyopinda, wengine wa miguu mitatu. Nchi nzima ilishtuka. Ilichukua miaka watafiti kuunganisha vipande, na kisababishi kimoja walichokipata ni hiki. Mbolea inatiririka majini, mwani unastawi, konokono wanaokula mwani wanaongezeka, na konokono wamebeba minyoo ambayo hujichimbia kwenye mwili wa kiluwiluwi pale mguu unapoanza kuota. Mguu unachanganyikiwa. Hapo wifi, aliyekuwa anamenya ndizi, akainua kichwa: "Konokono hao ndio wa kichocho?" Siyo konokono wale wale, wala siyo minyoo ile ile, lakini njia ni moja. Maji yenye mbolea yanalisha konokono, na huku kwetu konokono ametuletea kichocho kabla hata ya sisi kufikiria miguu ya chura. Wifi alinyamaza, akaendelea kumenya.

Kaka alirudi amelowa chepechepe. Akasikia mazungumzo, akacheka: "Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji." Nimeisikia methali hiyo maisha yangu yote, na ni ya kweli. Leo ilinichoma. Nikamjibu kwamba kelele zenyewe zimekwisha, kaka, na ng'ombe bado anakunywa maji yale yale.

Akasema suala la vyura kwa Tanzania ni Kihansi. Kila mtu nchini anamjua chura wa Kihansi, na wengi wanamjua kama kisa cha kuchelewesha umeme. Nikawaeleza sehemu ambayo haisimuliwi. Chura yule mdogo wa korongo la Udzungwa aligunduliwa mwaka 1996. Bwawa la umeme lilianza kazi 2000, maporomoko yakapunguzwa, ukungu wa maji aliokuwa anaishi ndani yake ukapotea. Akawekewa mabomba ya kunyunyiza, na 499 wakapelekwa Marekani kuhifadhiwa. Akastahimili. Kisha 2003 idadi yake ikaanguka ghafla. Kati ya sababu zilizotajwa, pamoja na ugonjwa wa kuvu wa ngozi unaoua vyura duniani kote, ni tope la bwawa lililofunguliwa likashuka korongoni, likiwa na mabaki ya viuatilifu kutoka mashamba ya mahindi ya juu. Mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini. 2012 waliozaliwa kwenye uangalizi wa watu wakaanza kurudishwa. Nina maana, hata kule ambako tunadhani habari ni ya umeme, shamba lilikuwepo.

Na takwimu moja ya dunia, kwa sababu kaka anapenda takwimu: tathmini iliyochapishwa 2023 ilikagua zaidi ya aina 8,000 za amfibia, ikakuta asilimia 41 ziko hatarini kutoweka. Hakuna kundi la wanyama wenye uti wa mgongo lililo vibaya kuliko hilo. Na kinachowaondolea wengi makazi ni kilimo.

Kaka hakusema kitu. Alikwenda kulala mapema.

Jumamosi, mtaro wa kuelekea Kahe

Mvua ilikata alfajiri. Tulifuata mtaro mkuu wa kutolea maji, kule ambako maji ya ploti zote yanakutana yakiwa yamechoka, ya rangi ya chai ya maziwa. Kilomita nyingi za kingo zilizoungua. Sina la kuandika kuhusu sehemu hiyo.

Kisha, kabla ya kufika kwenye miti ya Kahe, mtaro ukaingia kwenye matete. Hatua kama mia mbili hivi, pande zote mbili, marefu kunizidi, kijani kibichi. Mzee alikuwa anakata kwa panga, anafunga mizigo. Tulimwamkia, mtoto akamshika mikono yote miwili. Nikamwuliza kwa nini hapa hapajapigwa dawa.

"Binti yangu, haya ndiyo darini kwangu, ndiyo uzio wa kuku, ndiyo hela ya chumvi. Nimewaambia vijana, atakayeleta bomba hapa tutaonana."

Maji ndani ya matete yalikuwa meusi kidogo lakini angavu. Tope lilikuwa limetuama kwenye mizizi. Mtoto ndiye aliyemwona wa kwanza. Amejibana kwenye shina la tete, miguu imekunjwa chini ya tumbo, mgongo wa njano na mistari ya kahawia, vidole vya rangi ya waridi. Halafu tukamwona wa pili, na wa tatu, na baada ya macho kuzoea tukagundua wamekaa kila mahali, wamelala mchana kwenye jua kama matunda. Mzee alishangaa tulivyoshangaa. Yeye anawaita wadogo wa mvua.

Tulingoja hadi giza. Mzee alileta stuli mbili. Nusu saa tuliyopanga sikuiangalia kwenye simu. Vijiko na gilasi, maelfu yake, hadi masikio yanauma, na mtoto akaziba sikio moja akawa anacheka peke yake gizani.

Tuliporudi Chekereni ilikuwa saa nne usiku. Kaka alikuwa macho. Mtoto alimchezea rekodi ya Alhamisi, ya kwenye tuta letu, kisha ya leo. Kaka akaisikiliza ya leo mara mbili.

"Baba alikuwa anatufokea tufunge madirisha," akasema.

Nikamwomba kingo za ploti zisipigwe dawa. Akakataa. Panya wanajificha kwenye nyasi za tuta, mwaka jana wamekula kona nzima ya mpunga, na vibarua wa kufyeka wamepanda bei. Ana haki, na nilimwambia ana haki. Tukabishana juu ya kila upande. Mwishowe akanipa upande mmoja, wa mtaro wa kutolea maji, ambako maji yanatenganisha nyasi na mpunga. Upana wa mita moja. Panya wakivuka anafyeka yote, na asisikie neno. Na bomba litaoshewa nyumbani, kwenye shimo la nyuma ya choo, siyo mferejini.

Tulitoka saa ile ile na tochi. Mtoto akakata vijiti vya mlonge, kaka akapima kwa hatua zake, na mimi nikawa navikita kwenye tope, kimoja kila mita kumi, hadi mwisho wa ploti.